Je, Wajua? Barakoa na Makatazo Yake, Kutoka Sirari Hadi Hong Kong

Je, wajua kwamba Tanzania haikuwahi kutunga sheria ya kuzuia barakoa? Tangu mgonjwa wa kwanza wa Uviko-19 alipotangazwa Machi 16, 2020, hakuna kifungu kilichosema kuvaa ni kosa. Hata hivyo, ilipofika mwanzoni mwa 2021, aliyeingia sokoni au ofisini akiwa amejifunika pua na mdomo alijua macho ya watu yangemgeukia. Neno la wakubwa lilikuwa limetosha. Leo tunapitia makatazo ya barakoa, yaliyoandikwa na yasiyoandikwa, pamoja na hoja za afya zinazoyazunguka. Msimamo wangu nautoa mapema: katazo lisiloandikwa ndilo baya zaidi kwa afya ya watu, kwa sababu halina kifungu cha kukatia rufaa wala msamaha kwa mgonjwa.

Je, wajua kwamba mwaka 2020 hatua chache tu pale Sirari, wilayani Tarime mpakani na Kenya, zilimvusha mtu kutoka utaratibu mmoja hadi kinyume chake? Ng'ambo, Isebania, kanuni za Kenya za Aprili 2020 zilimtaka kila mtu avae barakoa hadharani. Aliyekaidi aliweza kutozwa faini ya hadi shilingi 20,000 za Kenya, au kufungwa hadi miezi sita, au vyote viwili. Huku Tarime hapakuwa na faini yoyote. Wakurya wana ndugu, mashamba na mifugo pande zote mbili, kwa hiyo familia moja iliishi chini ya amri mbili katika janga moja. Mei 16, 2020, Kenya ikafunga mpaka wake na Tanzania kwa abiria, ikaacha malori ya mizigo yapite madereva wakishapimwa.

Nisisitize kwamba ubabe wa kulazimisha nao una hasara zake kiafya. Kibarua asiye na hela ya barakoa, akikamatwa na kusukumwa kwenye selo iliyojaa watu, anaingizwa mahali ambapo virusi vinaenea kwa urahisi kuliko barabarani alikotolewa. Wataalamu wa afya ya jamii walilisema hilo tangu mwanzo: gawa barakoa, elimisha, usimpige mtu. Kenya iliondoa ulazima wa barakoa kwenye maeneo ya wazi Machi 11, 2022.

Je, wajua ni nani aliyeanza kufunika mdomo chumba cha upasuaji? Ni daktari Johann Mikulicz, mwaka 1897, katika mji wa Breslau ambao leo ni Wrocław, Poland. Alikuwa akifanya kazi karibu na Carl Flügge, mtaalamu aliyeonyesha kwamba mtu akizungumza tu, bila hata kukohoa, anarusha matone yenye vijidudu.

Je, wajua kwamba daktari alikufa kwa kuidharau barakoa? Tauni ya mapafu ilipozuka Manchuria mwaka 1910, daktari kijana mzaliwa wa Penang, Wu Lien-teh, alisema ugonjwa ule unapita hewani, akaagiza wahudumu wavae barakoa za pamba na shashi. Daktari mzoefu kutoka Ufaransa, Gérald Mesny, hakukubaliana naye. Aliingia wodini Harbin bila kujifunika, na Januari 1911 akafariki kwa tauni ile ile. Janga lile liliua watu wapatao 60,000.

Je, wajua kwamba ubishi huu una zaidi ya karne? Januari 1919, wakati wa mafua makubwa, watu wa San Francisco waliunda umoja wa kupinga barakoa, wakafanya mkutano wa hadhara. Amri ya kuvaa ikafutwa Februari 1 mwaka huo huo.

Sasa turudi nyumbani, maana hapa pana mengi ya kusema.

Je, wajua kwamba kwa zaidi ya mwaka mzima takwimu za Tanzania kule Shirika la Afya Duniani (WHO) zilibaki pale pale, wagonjwa 509 na vifo 21? Utoaji wa takwimu ulisimama mwanzoni mwa Mei 2020. Juni mwaka huo Rais John Magufuli akatangaza kwamba ugonjwa umeondoka kwa maombi. Watu walijifukiza, walikunywa tangawizi na malimao, walisali. Sina ugomvi na sala wala na tangawizi. Ninachohuzunikia ni kwamba mama wa Kenyamonta, wilayani Serengeti mkoani Mara, mwenye mzee wa miaka 80 ndani ya nyumba hakuwa na namba hata moja ya kumsaidia kupima hatari: je, wiki hii ugonjwa umepanda Mugumu? Umefika Tarime mjini? Barakoa ni uamuzi wa kila siku, na uamuzi unahitaji taarifa.

Je, wajua kwamba Februari 17, 2021, siku moja, nchi iliwapoteza Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, Seif Sharif Hamad, na Katibu Mkuu Kiongozi, John Kijazi? Chama cha Maalim Seif kilikuwa kimetangaza wazi kwamba alikuwa ameambukizwa Uviko-19. Siku nne baadaye, Rais Magufuli alisema kanisani Dar es Salaam kwamba serikali haijakataza barakoa, ila watu wajihadhari na zile zinazotoka nje. Akawahimiza watumie zinazotengenezwa nchini. Bohari ya Dawa (MSD) yenyewe ilizalisha barakoa.

Kauli ile ilisomwa kwa namna mbili. Wengine waliishika sehemu ya kwanza, kwamba haijakatazwa. Wengine waliishika ya pili, kwamba barakoa ya dukani inaweza kuwa na sumu, na mtu aliyekwisha kuambiwa hivyo haivai hata umpe bure. Ubora wa vifaa ni jambo la haki kabisa kulisimamia, na nchi ina Shirika la Viwango (TBS) kwa kazi hiyo. Lakini shaka inayotajwa bila kuonyesha ni barakoa ipi, ya kiwanda gani, iliyopimwa wapi, huwaondolea watu kinga yote, nzuri na mbovu pamoja.

Je, wajua nani walizungumza kipindi kile? Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania. Januari 2021 liliwaonya waumini kuhusu wimbi jipya na kuwataka wajikinge. Machi, Katibu wake Mkuu, Padri Charles Kitima, akasema kwamba ndani ya miezi miwili walikuwa wamefariki mapadri zaidi ya 25 na masista 60. Kwa kuwa upimaji ulikuwa haba, hapakuwa na njia ya kusema kila mmoja aliondoka kwa ugonjwa gani. Masista ndio wanaokaa kwenye zahanati na vituo vya afya vya misheni, wanaoshika wagonjwa kwa mikono yao. Kila anayejua huduma ya afya vijijini Mara anaelewa pengo la namna hiyo.

Je, wajua hali iligeuka lini? Rais Samia Suluhu Hassan aliapishwa Machi 19, 2021, kushika nafasi ya Magufuli. Mei 17 kamati ya wataalamu aliyoiunda, chini ya Profesa Said Aboud, ilikabidhi ripoti iliyoshauri takwimu zirudi na chanjo ziletwe. Lakini kabla ya ripoti, watu walikuwa wameshaona ishara: Mei 7, Rais alipokutana na wazee wa Dar es Salaam, barakoa zilionekana ukumbini. Julai 28 akachanjwa hadharani. Hakuna sheria mpya iliyohitajika ili mwalimu wa kijijini ajifunike bila kuonekana mwoga. Lile lililokuwa limefungwa kwa maneno lilifunguliwa kwa kuonekana.

Je, wajua kwamba barakoa yenye nguvu hutegemea umeme? Barakoa ya daraja la N95 huzuia angalau asilimia 95 ya chembe za ukubwa wa maikroni 0.3, ambazo ndizo ngumu kunasa. Nyuzi zake za plastiki zimechajiwa umeme tuli, kwa hiyo huvuta chembe badala ya kungoja zigongane nazo. Ukiifua kwa sabuni, chaji inapotea na barakoa imekwisha kazi, hata kama inang'aa kwa usafi. Ile ya kitambaa ndiyo ya kufuliwa, tena kila siku.

Je, wajua kwamba huko Nyamongo na kwenye machimbo madogo ya Mara barakoa ya kitenge haimsaidii sana mtu wa karasha, mashine ya kusaga mawe? Mawe yenye dhahabu yakisagwa makavu hutoa vumbi laini la silika, dogo kiasi cha kufika ndani kabisa ya pafu na kubaki humo. Pafu linajenga makovu, ugonjwa unaitwa silikosisi, na makovu hayo hayaondoki. Mwenye silikosisi pia hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi mkubwa kuliko wengine. Dawa ya kwanza ni kulowesha mawe kwa maji ili vumbi lisipae; ya pili ni barakoa ya daraja linalofaa, iliyobana uso. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga. Kijana anayeponda mawe kwa kibarua cha siku asikubali kuambiwa barakoa ni mambo ya mjini.

Je, wajua kuhusu wale simbilisi wa Afrika Kusini? Hili nitalieleza kwa kirefu, kwa sababu kwangu ndilo jibu la ubishi wote.

Katika hospitali moja huko Witbank, mji ambao sasa unaitwa eMalahleni, watafiti walichukua hewa ya wodi ya wagonjwa wa kifua kikuu sugu na kuipeleka kwa bomba hadi kwenye mabanda mawili ya simbilisi, kila banda wanyama 90. Siku wagonjwa walipovaa barakoa za kawaida za hospitali, hewa ilikwenda banda la kwanza. Siku ambazo hawakuvaa, ilikwenda banda la pili. Walipopimwa, wanyama 69 kati ya 90 wa banda lisilo na barakoa walikuwa wameambukizwa. Wa banda la barakoa walikuwa 36. Matokeo yalichapishwa mwaka 2012: uwezekano wa kuambukiza ulishuka kwa asilimia 56, na hizo hazikuwa N95, bali zile nyepesi za buluu ambazo muuguzi hukupa mlangoni.

Zingatia nani alivaa. Alivaa anayekohoa, kwa ajili ya wengine. Tanzania imo kwenye orodha ya WHO ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu, kwa hiyo barakoa ilikuwa na kazi hapa kwetu miaka mingi kabla ya Uviko-19 na bado inayo. Aliyekohoa kwa wiki mbili au zaidi anatakiwa apimwe makohozi, na dawa ni bure. Akianza dawa sahihi na kuzimeza bila kuruka, uwezo wake wa kuambukiza hushuka upesi. Matibabu ya kawaida huchukua miezi sita.

Tatizo liko barabarani kati ya nyumbani na kituo cha afya. Mgonjwa anapanda gari dogo lililojaa, madirisha yamefungwa kwa sababu ya vumbi. Angepaswa kujifunika. Lakini kijiji kikiwa kimezoea kwamba hakuna anayejifunika ila mgonjwa, barakoa inakuwa tangazo usoni: huyu ana TB, na katika fikra za wengi, huenda ana VVU pia. Basi ataivua. Ataivua kwenye kituo cha bodaboda, ataivua sokoni, ataivaa tena mlangoni kwa mganga. Ndiyo maana nasema anayemzuia au kumdhihaki mzima aliyevaa barakoa anamvua mgonjwa pia. Mgonjwa hupata staha pale tu watu wengine nao wanapoweza kuvaa bila kuulizwa.

Je, wajua kwamba dirisha lililofunguliwa linashindana na mitambo? Utafiti wa 2007 kwenye hospitali za Lima, Peru, ulikuta vyumba vyenye madirisha na milango wazi vikibadilisha hewa mara 28 kwa saa, huku vile vya mitambo vikikadiriwa mara 12. Kondakta, fungua vioo. Vumbi linafutika.

Je, wajua ushahidi wa barakoa kwa watu wazima wasiougua unasemaje? Unasema zinasaidia kiasi, na kiasi hicho kinategemea aina na uvaaji. Bangladesh, jaribio la vijiji 600 lenye watu wazima zaidi ya 340,000 liliongeza uvaaji kutoka asilimia 13 hadi 42. Maambukizi yenye dalili yakapungua kwa asilimia 9 hivi kwa ujumla, na kwa wenye miaka 60 na zaidi kwenye vijiji vilivyopewa barakoa za hospitali, kwa asilimia 35. Denmark, jaribio la watu kama 6,000 mwaka 2020 liliona tofauti ndogo mno, asilimia 1.8 dhidi ya 2.1, isiyotosha kuthibitisha lolote. Mapitio ya Cochrane ya Januari 2023 yalipotoka, wengi walishangilia kwamba barakoa "hazifanyi kazi". Machi, mhariri mkuu wake akafafanua kwamba tafsiri hiyo si sahihi, kwani ushahidi uliokusanywa haukutosha kukata shauri.

Kwa hiyo anayesema barakoa ni kinga kamili anazidisha, na anayesema ni kitambaa kisicho na faida amewasahau wazee wa Bangladesh.

Je, wajua kwamba WHO yenyewe ilibadili kauli? Aprili 2020 haikuwashauri watu wazima wasiougua wavae. Ushahidi ulionekana haba, na barakoa zilikuwa hazitoshi hata kwa wauguzi. Juni 5 ikashauri zivaliwe pale ambapo maambukizi yameenea na watu hawawezi kuachiana nafasi. Agosti 2020, pamoja na UNICEF, ikasema watoto wa miaka mitano na kushuka wasilazimishwe.

Je, wajua mji uliokuwa na katazo na lazima kwa pamoja? Hong Kong. Oktoba 2019 serikali ilikataza kufunika uso kwenye maandamano. Julai 2020 ikaamuru barakoa kwenye vyombo vya usafiri na ndani ya majengo ya umma. Ufaransa nayo ina sheria iliyoanza kutumika Aprili 11, 2011, yenye faini ya hadi yuro 150 kwa anayeficha uso hadharani, ikiwaachia wenye sababu za kiafya. Mei 2020 ikaweka faini ya yuro 135 kwa anayepanda usafiri wa umma bila barakoa.

Je, wajua kwamba hofu ya usalama inayoleta makatazo kama haya si ya kubuni? Juni 2015 walipuaji wa kujitoa mhanga waliua watu zaidi ya 20 N'Djamena, na siku mbili baadaye Chad ikapiga marufuku mavazi yanayofunika uso wote. Kwetu Serengeti na Tarime, anayekumbuka wizi wa mifugo ataelewa kwa nini mzee wa mnada anataka kuuona uso wa anayeuza ng'ombe. Benki nazo hutaka uvue helmeti mlangoni. Hoja hiyo inastahili jibu, na jibu linapatikana.

Je, wajua kwamba New York ilikuwa na sheria ya 1845 dhidi ya kuficha uso, iliyotungwa dhidi ya wapangaji wa mashamba waliopinga kodi wakiwa wamejifunika? Ilifutwa Mei 2020, kwa sababu haikuweza kuishi pamoja na amri ya barakoa. Miaka minne baadaye, Agosti 2024, kaunti ya Nassau katika jimbo hilo hilo ikapitisha katazo jipya: faini ya hadi dola 1,000 au kifungo cha hadi mwaka mmoja, isipokuwa kwa sababu za afya au dini. Madaktari na watetezi wa wenye ulemavu waliuliza swali ambalo hata ritongo, mkutano wa jadi wa Wakurya, ungeliuliza: askari atajuaje nani anatibiwa saratani, nani amepandikizwa figo, nani anamuuguza mama nyumbani? Ugonjwa mwingi hauonekani kwa macho, na mtu hapaswi kumsimulia mgambo maradhi yake katikati ya barabara.

Je, wajua kwamba kuna wanaoumizwa na barakoa bila kuvaa? Viziwi. Wengi husoma midomo, na lugha ya alama hutumia uso mzima, si mikono pekee. Muuguzi anayemhudumia kiziwi anaweza kusogea dirishani, kuacha nafasi, kushusha barakoa kwa muda, au kuandika. Barakoa zenye sehemu ya plastiki inayoonyesha mdomo zipo pia, ingawa ni nadra kuziona zahanati zetu.

Je, wajua kwamba halmashauri ya kijiji ina mamlaka ya kutunga sheria ndogo? Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya 1982 inaipa uwezo huo, baada ya kusikiliza wanakijiji na kwa idhini ya halmashauri ya wilaya. Ikitokea siku wazee wa Kenyamonta wakataka kudhibiti kufunika uso mnadani, wana mfano wa kuanzia. North Carolina, Marekani, Juni 2024, bunge la jimbo lilipobana sheria yake ya kufunika uso, liliacha ruhusa ya kuvaa barakoa za kitabibu ili kuzuia ugonjwa wa kuambukiza, kwa sharti kwamba askari au mwenye eneo anaweza kuomba ishushwe kwa muda ili uso utambulike. Mimi ningeongeza mawili yaandikwe waziwazi: asidaiwe mtu cheti cha daktari, maana siku ya mnada cheti hakipatikani karibu, na uso ukishaonekana, mwenyewe aipandishe barakoa yake hapo hapo na aendelee na biashara yake.